Gervas na ile WAV yake

Kondo, haki ya Mungu, leo sijatia chumvi hata chembe.

Gervas kanisaliti! Gervas niliyemfundisha mwenyewe kurekodi kwaya yetu!

Niliwaambia wanakwaya kwamba faili la WAV hubeba sauti yote, la MP3 hukata baadhi ili liwe dogo. Kweli tupu. Ila nikajitapa kwamba sikio langu huzitofautisha hata nikiwa kule mbali Mlali. Nikamweka dau jogoo wangu.

Gervas akatuwekea rekodi mbili za wimbo uleule. Nikasema, "Ya pili ndiyo WAV. Nasikia mpaka padre akimeza mate!"

"Samahani, mzee wangu. Ya kwanza ndiyo WAV halisi; ya pili ilikuwa MP3, nimeigeuza WAV. Faili limenenepa tu, sauti iliyokatwa hairudi."

Mbele ya kwaya nzima! Gervas!

Jogoo ameshaiva. Firigisi wamempa Gervas. Nyumbani kwangu, Kondo, na mimi ndiye niliyempakulia!