Surua Ilivyoingia Wodini

Jumatatu, 10 Februari 1975

Surua. Watoto watatu wameota vipele asubuhi hii, na wote ni wa utapiamlo — miguu imevimba, nywele nyekundu. Wa namna hii surua huwaua. Nimewahamishia chumba cha nyuma. Dkt. Hiza anasema lazima tujue imepita wapi, ndipo tujue nani mwingine keshaguswa. Yeye atapima, mimi niongee na akina mama. "Wodi ni yako, Sista Zuena." Yangu kweli! Tangu masista wa Kizungu waondoke, mimi ndiye mkuu hapa. Nimetembea kifua mbele.

Jumanne, 11 Februari

Kabla sijawahamisha, vitanda vya wale watatu vilikuwa mbali na mbali. Basi surua haikutambaa kitanda kwa kitanda. Lakini akina mama wameshampata mkosaji: Efrazia wa kambi ya mkonge, kwa kuwa mwanawe Yordani anakohoa. Mwaija wa Dindira, ambaye mwanawe ni mmoja wa wale watatu, kamwambia mbele ya wote kwamba ndiye aliyeleta maradhi. Efrazia akaanza kufunga khanga zake aondoke. Na Yordani, naye wa utapiamlo, ndiyo kwanza ameanza kucheka! Nikamsihi asubiri. Haya sista, akasema, kesho tu.

Jumatano, 12 Februari

Nimezunguka kutwa. Wiki mbili nyuma ulikuwa wapi? Ulikaa na nani? Wale watatu wamekutana mahali pamoja tu — jiko la uani, wanakopika uji, mtoto mgongoni. Nikauliza mgeni gani alifika pale. Mwaija akakumbuka: mpwa wake mdogo, aliyeletwa na bibi yake kumsalimu. Mafua, macho mekundu. Akina mama pale jikoni walimpakata kwa zamu.

"Yu hali gani sasa?"

"Alipofika nyumbani aliota vipele, sista."

Na Efrazia siku hizo alikuwa bado hajamleta Yordani wodini. Nikasema wazi, wote wasikie: ugonjwa umepita hapa jikoni, na hakuna aliyeuleta kwa kusudi. Mwaija akainuka, akaenda kumfungulia Efrazia mzigo kwa mikono yake. "Mwenzangu, nimekukosea." Nimejivunia wanawake hawa kuliko kofia yangu ya ukuu wa wodi.

Jumapili, 16 Februari

Jiko limefungwa, uji tunaupeleka vitandani. Wageni wanasalimia dirishani. Walinung'unika, wakazoea. Mtoto wa Mwaija amepona macho, anadai ndizi. Dkt. Hiza anataka tuwafundishe na wenzetu wa Handeni. Sisi!

Jumamosi, 22 Februari

Yordani ana joto. Kama ni surua, bila shaka alivuta hewa moja na wale watatu kabla hawajaota vipele. Kabla sijasema neno, Efrazia alishachukua shuka zake, akahamia chumba cha nyuma mwenyewe. Mwaija, ambaye mwanawe keshapona, anawapelekea uji. Nimemmulika Yordani mdomoni kwa tochi: vidoa vyeupe ndani ya mashavu, dalili ya mapema ya surua, bado sivioni. Kifua kimetulia. Dkt. Hiza ameitwa, yuko njiani. Nimejaribu kumpokea Yordani kikombe cha uji nimpime joto tena — amekishika kwa mikono miwili, hataki kukiachia, na bado anakunywa. Surua au si surua, nguvu ya kupigana anayo.