Mama Kwenye Bati

Sib, Maskati

Ndugu yangu Moza,

Nnakusalimu kwa kheri, wewe na wote mlioko nyumbani Unguja. Goti lako linaendeleaje? Mimi kifua kimenishinda. Daktari siku hizi huzungumza na binti yangu Salma pembeni, nami nimesomesha maisha yangu yote, najua maana yake. Basi nikupe khabari hii mkono ungali unashika kalamu.

Alikuja huku mchoraji wa Kichina, Bwana Liu, kuchora picha za hoteli moja. Akapanga banda Azaiba, nyuma ya maduka ya vipuri. Yeye huchora kwa rangi za mafuta juu ya mabati, akapaka lami na saruji, kisha akayaacha nje yaliwe na hewa ya chumvi. Aliniambia kwa Kiingereza chake cha kuungaunga kwamba yeye huchora nusu tu, nusu ya pili huiachia kutu. Nilicheka, lakini nikawa sibanduki pale. Mwisho nikamwomba anichoree mama.

Unajua hatuna picha yake. Waliomwona nimebaki mimi peke yangu, maana alifariki siku ile ile uliyozaliwa. Nilimweleza Bwana Liu macho, paji la uso, ukaya aliojifunga kichwani. Mdomo sikuthubutu. Akapaacha bati tupu.

Salma akanambia, "Baba, wenzio umri huu wanaweka sanda, wewe waweka mabati." Lakini aliniachia nilitundike chumbani. Ramadhani walipokuja jamaa kusali tarawehe, akaligeuza uso ukutani, tusisali mbele ya sura ya mtu. Akasahau kuwa kiyoyozi hudondosha maji pale. Baada ya Idi tukaligeuza, na mama alikuwa na mdomo, wazi kidogo, kama anayeanza kusema.

Bwana Liu alikuja kulitazama. Akasema kutu haijapata kumfanyia hivyo, akataka kulipaka vanishi ibakie hapo ilipo. Nilimkataza, kwa khofu. Mdomo ule nnaujua. Sasa kutu imezidi, na kila wiki naona unafumba.

Moza, asubuhi ile nilipenya ndani, nipo mdogo, mkunga hakuniona. Mama alikuwa amekupakata, anakunong'oneza. Akainua uso akanambia, "Huyu ni Raya. Usiache kumwita." Haikufika adhuhuri akatutoka. Siku ya saba baba alikupa jina la mamaake. Nilipolitaja lile jingine alinishika bega, macho yamejaa machozi, akasema, "Jina la mtoto hutoa baba. Hilo limekwenda naye." Nikanyamaza, hata baada ya yeye mwenyewe kuzikwa.

Hivi sasa kila nikisali nalifunika bati kwa kanga, na bado nahisi mgongoni kuna mtu anangoja.

Nisalimie shemegi yangu, mumeo, na mwanao Khamis, mwalimu mwenzangu. Mpe pole jirani yetu Bi Time kwa macho yake.

Sikuombi ubadilishe hati zako wala uwaeleze watoto. Ila ukinijibu, chini ya barua andika Raya, kwa mkono wako. Nitalifunua bati nimsomee.

Kakaako,
Nassor