Aliyetoboa Ndoo Zako za Maua

Nyumbani, ghorofa ya pili,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Natumai barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi cha baridi kimekuachia. Unakula vizuri? Kazini bado wanakusimamisha kutwa nzima? Sisi huku hatujambo. Cherehani yangu inakwenda, na goti la baba linamsumbua vilevile. Kutwa yuko kitini na redio yake.

Sasa nikwambie nililokuficha. Maua uliyoniachia barazani yalikuwa yanakufa tangu nilipoyahamishia kwenye ndoo nyingine mwaka jana. Mnanaa ulikuwa wa manjano, na mwaridi wako ukabaki kama fimbo. Nilimwagilia asubuhi na jioni, na kadiri nilivyomwagilia ndivyo yalivyozidi kunyong'onyea. Niliona aibu kukuandikia.

Mwezi uliopita nilirudi kutoka kibandani kwangu ninakoshonea, nikakuta ndoo zote zimesogezwa mbali na ule ukuta unaochomwa na jua la mchana. Wiki iliyofuata udongo ulikuwa mwingine, mweusi, laini, umechanganywa na samadi. Nikainua ndoo moja: chini ina matundu saba, yamepangwa sawasawa kama vifungo vya shati. Mimi sikutoboa hata moja.

Akili yangu ikaenda moja kwa moja kwa mama mwenye nyumba. Unamjua. Ana ufunguo wa kila mlango, na siku zote analalamika kwamba maji yetu yanamchafulia ukuta. Nikajiambia, huyu anatoboa makusudi ili maji yamwagike, apate sababu ya kututoa. Ule udongo mzuri nikauona ni danganya toto.

Nikafunga uzi mweusi mlangoni mwa baraza, chini kabisa, kisha nikaenda kazini. Jioni niliukuta umefungwa, lakini kwa fundo ambalo si langu. Baba nilipomuuliza kama kuna mtu aliingia, alisema hakuona mtu.

Nikashuka kwa mama mwenye nyumba. "Mama, ndoo zangu zimekukosea nini?"

Akaniangalia juu mpaka chini. "Mimi nipande ngazi zote hizo kwa ajili ya ndoo? Anza na walio ndani kwako, mwanangu."

Ndani tuko wawili tu. Maneno hayo yakanikaa rohoni. Alhamisi nikafunga kibanda saa sita mchana, nikavua viatu ngazini, nikaingia taratibu. Kiti cha baba kilikuwa kitupu. Yuko barazani, amepiga magoti licha ya lile goti bovu, keekee yake ya useremala ya kutobolea mbao iko pembeni, anapanga vipande vya matofali ndani ya ndoo mpya, kubwa. Mwaridi wako umelazwa kando, mizizi imefunikwa kwa gunia bichi.

Chiriku, ni baba huyuhuyu ambaye siku unaondoka hakutoka chumbani kukuaga. Miaka minne hajataja jina lako, nami nikikutaja huongeza sauti ya redio.

Yeye ndiye aliyeanza, bila kugeuka. "Ulikuwa unaizamisha miche. Ndoo haina tundu, maji yatokee wapi? Mizizi imeoza nusu."

"Mbona hukuniambia, baba?"

"Ungemwandikia."

Nilikaa sakafuni, nikamshikia mche, naye akajaza udongo taratibu, akiushindilia kwa vidole.

Mama mwenye nyumba nimeshamwomba radhi. Kumbe kila mchana alikuwa akimsikia baba akikokota ndoo juu ya dari yake. Anakusalimu. Shangazi naye anakusalimu sana, na binamu yetu dereva anauliza utakuja lini. Mpe salamu shoga yako unayepanga naye. Mungu akulinde uingiapo na utokapo.

Nilitaka kufunga bahasha, lakini baba ameniita. Amesema, "Muulize ule mwaridi mwekundu alikuwa anaupunguza matawi mwezi gani. Mimi sijui." Wewe na mimi tunafahamu kwamba anajua. Kwa hiyo usinijibu mimi. Mwandikie yeye, bahasha iwe na jina lake.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote,
Fundi wa Vifungo