Apiyo, Mafuta Yamebaki Mlangoni

Apiyo wangu,

Leo pacha wako ametolewa ule mpira mwembamba wa mshipani. Daktari amesema Adongo anakunywa maziwa vizuri, dawa za mshipa basi. Sista akauvuta polepole, akabana pamba, nami nikalia kama mjinga. Kila asubuhi nilikuwa nawauliza, "Bado anauhitaji?" mpaka wakanichoka. Wacha wanichoke. Ulipokuwa nao wewe, sikujua kwamba mtu huuliza.

Mlikuja mimba ikiwa ya miezi saba, wadogo ajabu. Mimi nilikuwa bado kitandani na mshono, kwa hiyo Dani yenu, mama ya baba yenu, ndiye aliyeingia kuwaona. Alikuwa na kale kachupa kake ka mafuta ya upako. Akakupaka utosini, kisha juu ya plasta inayoshika mpira, ili dawa iingie na baraka. Plasta ikabanduka. Akaibandika tena kwa kidole. Alinisimulia mwenyewe kwa furaha, kwamba alianza na wewe kwa sababu wewe ndiwe mkubwa.

Baadaye ukaanza kupoa, ukawa unasahau kupumua. Daktari akasema wadudu wamepitia kwenye mpira, wameingia kwenye damu. Ni yale mafuta? Ni mkono wa mtu mwingine? Hakuna anayejua. Dani sijamwambia kitu, itamuua. Lakini nina hasira, Apiyo. Haki nina hasira.

Tulipokuzika, wiki haikuisha, huyo amerudi na chupa, zamu ya Adongo. Nikasimama mlangoni.

"Mama, pete itoke, unawe mpaka kwenye kiwiko, na mafuta yabaki hapa."

Alinitazama, weee! "Unamfungia Mungu mlango?"

"Mungu alishaingia, mama. Yeye hashiki plasta."

Akanuna, lakini akavua pete. Siku hizi ndiye askari wa sinki, anawafokea hata wanafunzi wa udaktari: "Wewe, umenawa?" Wakati mwingine namkuta amekaa kwenye benchi anatazama vidole vyake. Nafikiri alishaelewa. Hatujaliongea.

Kule nyumbani Njiru majirani wameanza kuniita Mama Adongo, eti wananihurumia. Nimewakataza.

Mimi nilinawa, mwanangu. Nilipoweza kutembea nilinawa mpaka ngozi ikapasuka, ndipo nikuguse. Asubuhi ile nilikuja kama kawaida, nikafungua maji. Sista akaja nyuma yangu, akayafunga. "Leo mshike tu, mama. Hakuna haja ya kunawa." Hivyo ndivyo nilivyojua.

Haya, lala, mkubwa wangu. Pacha wako bado mdogo sana na njia ni ndefu, siwezi kukuahidi kila kitu. Nakuahidi hili: sitachoka kuuliza, na hakuna mkono mchafu utakaomfikia nikiwa nimesimama.

Ni mimi,
Mama Apiyo