Kidude Nyuma ya Kompyuta

Baba mpendwa,

Shikamoo. Je, mguu umepona? Na Mama, baridi ya huko nyumbani Nambis haimkohozi tena? Mimi ni mzima wa mwili tu. Kwenye bahasha sasa naandika Manyara, tangu mkoa wetu ugawanywe, ingawa mkono bado unataka kuandika Arusha.

Baba, hapa Mtwara naitwa mwizi. Kampuni yetu ya korosho imekosa zabuni tatu mfululizo. Kila mara mpinzani anatupita kidogo tu, kana kwamba amesoma barua zetu, na anayezichapa ni mimi. Meneja akamwuliza mtaalamu wake, bwana wa tai na vyeti anayekuja kila mwezi kukagua mashine. Huyo alitafuta virusi huku akipiga miayo, akabadilisha maneno ya siri, akasema, "Mashine ni safi. Mchafu ni mtu." Akanitazama.

Wasomi hao hawainami. Mimi hufuta vumbi kila asubuhi, nikipapasa nyaya kama unavyompapasa ng'ombe chini ya mkia kutafuta kupe. Wiki iliyopita nikakuta kidude, kama ncha ya kidole, kati ya waya wa kibodi na mashine. Chuoni tulifundishwa: kidude kama hicho hunakili kila herufi inayobonyezwa, hata neno la siri. Aliyekiweka hurudi kukichomoa asome yaliyomo.

Nikamwonyesha Meneja.

"Kiunganishi tu hicho, we mchunga ng'ombe. Mtaalamu angekiona."

Nikakichomoa, nikachomeka waya wa kibodi moja kwa moja kwenye mashine. Kibodi ikaandika vilevile.

"Basi aliyejua kilipo ndiye aliyekiweka!"

Nikakirudisha, nikapaka rangi ya kucha kwenye maungio mbele yake, kama wewe unavyopaka samadi kwenye mfuniko wa mzinga ili ujue kama umefunguliwa. Alhamisi mtaalamu alikuja. Mimi na Meneja tulishinda ghalani pamoja. Ofisini alibaki yeye peke yake. Tuliporudi, rangi ilikuwa imepasuka.

"Umeona, bosi?"

"Nimeona rangi ya wanawake. Yule ana vyeti. Wewe una nini?"

Aliyemleta mtaalamu huyo ni Meneja mwenyewe, Baba. Kwake afadhali mimi niwe mwizi kuliko yeye aonekane mjinga. Amenipa karatasi ya kukiri, niisaini Jumatatu, la sivyo nifukuzwe. Naogopa.

Nisalimie Mama, na Bibi, na dada yangu aliyeolewa Masakta. Mwambie rangi yake aliyoisahau kwangu imefanya kazi kuliko vyeti.

Ukiniona nashuka kwenye basi na sanduku kabla ya kuvuna maharage, usiulize. Jua sikusaini.

Mwanao,
Paskali