Niliona Nyekundu, Nikanyamaza

Shangazi Mshauri, nakuomba unisaidie, maana nimeshika kalamu mara tatu na kila nikianza sijui hata nataka kuuliza nini. Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji wa macho, mwaka wa kumi na tisa sasa, na muda wote huo nampa vifaa daktari mmoja mwenye mkono mwepesi, wagonjwa wanatoka mbali wakitaka awatoe mtoto wa jicho yeye na si mwingine. Mwaka huu tumeletewa kamera inayofungwa kwenye hadubini yake, na programu inayolitazama jicho pamoja naye, inachora duara kwenye skrini kuonyesha pa kukata, na ikiona chombo kinaukaribia ule utando mwembamba wa nyuma ya lenzi, inalia na skrini inawaka nyekundu. Daktari haioni skrini, macho yake yako kwenye hadubini. Anayeiona ni mimi.

Wiki za kwanza ililia ovyo, ikidhani povu la maji ni utando unaochanika, daktari akasimama bure mara mbili, na siku nyingine nilipomwambia, "Daktari, nyekundu," akanijibu mbele ya wote, "Sista, umeanza kusomea udaktari kwenye televisheni?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka, ila Shangazi, lilinichoma. Kisha akaniambia niizime ile sauti, nikaizima.

Sasa mwezi uliopita alikuja fundi cherehani mmoja, mzee mpole, na katikati ya kazi skrini ikawaka nyekundu, nikaiona, nikafungua mdomo, nikakumbuka kile kicheko, nikasema moyoni labda ni povu tena, daktari anajua kazi yake, ikapita sekunde moja, mbili, tatu, nikamsikia daktari akivuta pumzi kwa nguvu. Utando umechanika. Mzee hakuwekewa lenzi ya bandia siku ile, anasubiri kupasuliwa tena. Daktari akamwambia, "Mzee, jicho lako lilikuwa gumu," naye fundi akanishika mkono, "Asante mwanangu, mmehangaika sana na mimi. Nitaweza tena kutunga uzi?"

Sielewi, Shangazi. Kosa ni la mashine iliyotuzoesha uongo, la daktari, au langu? Na kama ningesema kumbe ni povu, si ningemshtua akateleza? Nyumbani namlaumu yeye, nikifika kazini namwonea huruma, maana siku hizi hata chakula cha mchana hakigusi. Tena mama yangu mzazi amepangiwa Alhamisi ya wiki ijayo kwa daktari huyohuyo, na nilipomwambia aende kwingine akaniuliza, "Kwani daktari wako ana nini?" nikamwambia nachelewa zamu, nikatoka. Nikisema, nimemsaliti daktari. Nisiposema, nimemsaliti mama. Nifanyeje?

Muuguzi asiyejielewa

*

Mwanangu, pole. Lakini pole peke yake haitoshi, kwa hiyo vumilia nikugombeze.

Daktari alikosea kukudhalilisha, akakosea zaidi kuinyamazisha mashine badala ya kudai irekebishwe. Kosa lake ni kubwa. Ila hizo sekunde tatu ni zako. Huenda utando ulikuwa umeshachanika skrini ilipowaka. Hutajua kamwe, acha kujitesa. Unachokijua ni kwamba hukunyamaza kwa kuwa ulipima ukaona ni povu. Uliogopa kuchekwa.

Na hayo ya kumsaliti daktari yaondoe. Mtu asiyekula hahitaji kufichiwa, anahitaji kuambiwa. Kesho asubuhi mshike kabla hajavaa glavu, mfunge mlango, umwambie, "Niliona nyekundu, nikanyamaza." Usianze na makosa yake, atayafikia mwenyewe. Sauti irudishwe. Mkubaliane neno moja, "simama," na ukilisema atulize mkono palepale bila kuuliza, hata mashine ikidanganya mara kumi. Nimemuuliza daktari mwingine wa macho, ameniambia kutulia kidogo hakuwezi kumdhuru mgonjwa. Kushtuka ndiko kunakodhuru, na asiyejua atasikia nini ndiye anayeshtuka.

Kisha nendeni kwa mkuu wa idara, kwa maandishi. Fundi wa watu aelezwe ukweli kabla hajapasuliwa tena, na achague nani amguse.

Mama mwambie yote leo, aamue mwenyewe. Ni mtu mzima. Akimtaka daktari huyohuyo, sawa, lakini Alhamisi wewe usiingie mle ndani. Mwenzako ashike vifaa, wewe kaa kwenye benchi la nje kama mtoto wa mgonjwa yeyote. Na daktari akikataa kusikia, mama asipasuliwe naye, na kwa mkuu uende peke yako.

Usiniandikie tena kabla hujazungumza na daktari wako.