Pembe Niliyoipuliza

Jumanne. Ukungu umeshuka kutoka mlima Shengena tangu saa nne na mpaka sasa haujainuka. Mkono wangu wa kushoto umevimba. Afadhali naandikia wa kulia.

Leo mume wangu amenipiga kwa mpini wa jembe mbele ya kijiji kizima. Na mimi nilikuwa nimemwibia pembe.

Nianzie mwanzo. Kamati ya kijiji, wanaume watupu, ilipanga zahanati ijengwe juu barabarani, karibu na ofisi ya chama, ili gari la wakubwa likija lipate pa kugeuzia. Wanawake tuliambiwa kazi yetu ni kusomba mawe. Tuliomba ijengwe njiapanda ya chini, penye maji, mahali ambapo mjamzito anaweza kufika kwa miguu yake. Mwenyekiti alicheka, akasema mipango ya kijiji haipikwi jikoni.

Masika yaliyopita wifi yangu Nakijwa alifia kwenye machela tukimpandisha huko juu kusubiri gari, mtoto amemkwama tumboni. Nilishika upande wa miguu. Damu yake ilinichuruzikia mpaka kwenye nyayo.

Kwetu pembe ya msaragambo ikilia, mtu anaacha uji jikoni, anachukua jembe na kuifuata sauti mpaka kwenye kazi ya kijiji. Haulizi nani anapuliza. Mpulizaji ni mume wangu, Elieza. Leo alfajiri niliitungua ukutani yeye akikoroma, nikashuka njiapanda na kuipuliza mpaka mashavu yakaniuma.

Walikuja.

Wanawake tulikuwa tumepatana tangu juzi, lakini hata wanaume walikuja na wakachimba. Mwenyekiti alipotokea, Elieza nyuma yake, mtaro wa msingi ulikuwa umefika magotini.

Elieza aliinua mpini wa jembe. Pigo la kwanza lilinipata begani, la pili mkononi, nikasikia mfupa unalia kama muwa unaovunjwa. Nilianguka kwenye udongo mbichi. Akainua tena mpini. Wanaume wote wakawa wanatazama majembe yao.

Mama mkwe, aliyewazaa Elieza na marehemu Nakijwa, alipita katikati yao. Mama huyu hata kuku huchinjiwa na jirani. Alimpiga mwanawe ugokoni kwa jembe, Elieza akaanguka. Akampiga tena pale pale.

"Nakijwa aliuawa na mlima," alimwambia. "Wewe nitakuua kwa mkono wangu."

Nikiri hapa, maana mahali pengine siwezi: niliposikia Elieza anavyolia, nilifurahi. Na bado sijaona aibu.

Sasa tumo nyumba moja, yeye na mguu wake, mimi na mkono wangu, na wa kututibu yuko mjini Same. Mwenyekiti ametangaza kwamba kesho asubuhi mtaro ufukiwe, kila nyumba itoe mtu. Mama mkwe amejibu kwamba watamkuta ameketi ndani yake.

Elieza ameniuliza, uso ukutani, kama mama yake anasema kweli. Nimemwambia ni kweli, na mimi nitakuwa ubavuni kwake.

Kisha akaniomba nimsogezee sepetu karibu na kitanda. Nimemsogezea, sikumuuliza ni ya kuchimbia au ya kufukia.

Kesho nitajua nimeolewa na nani.